Shangazi wa Kalamu: Mvi na Daftari

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 63, nilikuwa karani wa masjala serikalini. Tangu nistaafu naandika kitabu cha maisha yangu. Nilimpa mke wangu ukurasa wa kwanza asome. Alipofika katikati akasema anakwenda kutazama maharage jikoni, hakurudi. Nauambatanisha. Kosa liko wapi?
— Mstaafu, Morogoro

Marahaba, ingawa kwa umri huo pengine shikamoo ilikuwa yangu kuitoa. Ukurasa nimeupokea. Unaanza hivi: "YAH: KUZALIWA KWANGU. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Aya ya pili inaarifu kuwa zoezi lilikamilika bila dosari. Mama yako, ambaye naamini alihudhuria, hatajwi mpaka chini kabisa, baada ya sahihi: "Nakala: Mama Mzazi."

Mkeo hana kosa. Maharage yalikuwa na mvuto zaidi.

Lakini nimegeuza bahasha uliyonitumia. Nyuma yake umeandika harakaharaka, kwa kalamu inayokaribia kuisha wino, kwamba umechelewa kutuma kwa sababu ya msiba wa bosi wako wa zamani, yule aliyekuwa akificha karanga zake ndani ya faili la siri, panya wakaingia wakala karanga na siri pamoja, na wewe ukaamriwa uandike dokezo sabili kueleza "upotevu wa kumbukumbu kwa njia ya panya". Hapo nilicheka mpaka mume wangu akaja kuniuliza kuna nini. Kitabu chako kiko nyuma ya bahasha, mzee wangu. Huo ukurasa wa kwanza fungia maandazi. Umeandikia wakubwa miaka yote hiyo na mkono umezoea kusimama wima. Kaa kitako, mwandikie mtu anayejua karanga zilikuwa za nani.

Na usiniletee habari za muda. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizindua kitabu cha maisha yake, *Mzee Rukhsa*, mwaka 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Una miaka 33 ya kufuta na kuandika upya.

Shangazi, nina miaka 41 na sijaandika hata hadithi moja. Nimechelewa?
— Mwenye Haraka, Kibaha

Muhammed Said Abdulla alizaliwa 1918. *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyomleta mpelelezi Bwana Msa kwetu, ilishinda shindano la hadithi la mwaka 1957/58 na kutoka kitabu mwaka 1960. Piga hesabu mwenyewe. Ni kweli alikuwa mwandishi wa habari, kalamu hakuiokota njiani. Wewe anza leo jioni, na barua kwa shangazi zihesabu kama mazoezi.

Shangazi, nina miaka 58, naandika riwaya yangu ya kwanza. Mkaza mwanangu amepata fununu. Sasa kila Ijumaa ananiletea biriani na kuniuliza, kwa sauti ya asali, kama naye yumo. Nimwambie?
— Bi Mkubwa, Mombasa

Yumo? Basi usimwambie mpaka sura ya mwisho, hasa kama anatia zabibu.

Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, naye mgonjwa, alimwita waziwazi aje akae amsikilize. Hayo yalikuwa mawaidha. Wewe unatunga riwaya, na riwaya ina mlango wa uani. Mrefushe huyo mwanamke, mhamishie Tanga, mpe mume baharia. Kitu kimoja tu usikiguse: tuseme, namna anavyoshusha sauti akiongea na mamake kwenye simu, huku anakoroga chungu ambacho hakina kitu. Hilo huwezi kulibuni, na vijana wanaoandika hawajakaa jikoni muda wa kutosha kuliona.

Kitabu kikitoka, mpe yeye nakala ya kwanza. Hatajitambua. Atakayenuna ni jirani yako, ambaye hata hukumfikiria.