Jinsi ya Kuwa Mtakatifu Kabla ya Kidato cha Nne

Mdogo wangu, hongera kwa kufaulu usaili wa kuingia shule ya Kikatoliki ya bweni hapa Mbozi, mkoani Songwe. Fomu ya kujiunga umeshaipata, na bila shaka umeona kwamba fyekeo, jembe na ufagio wa chelewa vimetangulia, ikafuata ndoo yenye mfuniko, kisha shuka mbili, na Biblia pamoja na rozari vikaja chini kabisa, baada ya rimu ya karatasi. Usibabaike. Aliyeandika fomu hakukosea. Huo ndio mpangilio wa maisha yanayokusubiri. Nitakupa ushauri ambao hutausikia kwenye mahubiri ya Misa ya kufungulia muhula.

Anza na Misa ya asubuhi. Mbozi si Dar es Salaam. Kuanzia mwezi wa sita baridi ya nyanda hizi hupenya sweta mbili, na kengele haina huruma. Wageni hujaribu kusinzia wakiwa wamekaa, shingo ikiwaangusha mbele ya Sista, na mchana wake utawakuta wanafyeka. Mzoefu husubiri baada ya komunyo. Piga magoti, egemeza paji la uso kwenye mikono, tulia. Hakuna mwalimu wa zamu anayethubutu kumgusa begani mtoto aliyezama katika shukrani. Ukikoroma, hapo umejiharibia mwenyewe. Na usipitilize: wenzako wakishasimama kupokea baraka na wewe bado umeinama, utaanza kusemwa kuwa una wito, na kabla ya wiki kwisha mkurugenzi wa miito atataka kuzungumza nawe.

Jiunge na kwaya hata kama sauti yako inafaa zaidi kuitia ng'ombe. Wanakwaya hukaa pembeni karibu na kinanda, mbali na macho ya mwalimu wa nidhamu, na siku za sikukuu hula mwisho, yaani wakati nyama iliyozama chini ya sufuria ndiyo inaanza kuonekana. Usishangae ukikuta besi nzuri kuliko zote ni ya kijana Mmoraviani. Wamoraviani waliingia Rungwe mwaka 1891 wakasambaa hadi Mbozi, na watoto wao hulelewa kwenye sauti nne kabla hawajajua kusoma. Atakuwepo pia binti Mwislamu anayeijua Nasadiki kuliko wewe uliyebatizwa ukiwa na wiki tatu, kwa sababu yeye aliikariri ili asije akaulizwa. Ada yao na yako ni ileile, benchi ni lilelile. Kaa karibu nao. Padre akirusha swali ghafla, hao ndio watakaokunong'oneza jibu.

Kwaresima haina ugumu. Tangaza mbele ya watu kwamba unajinyima nyama. Kwa kuwa bwalo linatoa makande na ugali wa maharage siku sita za wiki, nyama utakayokutana nayo ni ya Jumapili peke yake, na Jumapili Kanisa halizihesabu katika zile siku 40. Kula.

Imani hupanda kwa kasi mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari, ingawa Rozari si sababu pekee: mtihani wa kidato cha nne uko Novemba. Vijana ambao tangu kidato cha pili hawakuonekana kwenye kitubio watapanga foleni hadi nje ya mlango. Katika Misa ya watahiniwa kalamu hubarikiwa. Peleka zote, hata ile isiyoandika, maana hujui. Atatokea mtu wa kukuambia kwamba wasichana wa St. Francis pale Mbeya, ambao shule yao imekuwa juu kwenye matokeo ya kidato cha nne mwaka baada ya mwaka, nao husali sana. Usimwulize wanasoma saa ngapi. Utavunja watu moyo.

Sasa tuje kwenye huduma, maana jina hujengwa hapo. Utakutana na TYCS, umoja wa wanafunzi vijana Wakatoliki Tanzania. Ingia, tena ingia kwa kugombea. Mjumbe wa kawaida hubeba vitu, katibu hubeba daftari. Njia ya umoja huu imetoka kwa Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi katika miaka ya 1920, na Papa Yohane XXIII akaitia muhuri mwaka 1961 katika waraka wake Mater et Magistra: ona, amua, tenda. Kuona ni kwenda kuitazama hali yenyewe. Kuamua ni kuipima hali hiyo kwa Injili. Kutenda kila mtu anakujua. Njia ni nzuri lakini ndefu, na muhula una wiki chache, kwa hiyo sisi tumeifupisha. Tunatenda kwanza, kisha tunaona picha, halafu kamati inaamua ipi ipelekwe kwenye kundi la wazazi la WhatsApp.

Chagua mhitaji kwa uangalifu, hasa huduma ikipangwa Tunduma, kwa sababu mji ule una wahitaji wa kila aina na si wote wanaopendeza kwenye picha. Madereva, kwa mfano, waache. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, siku mambo yakiharibika hurudi nyuma mpaka Mpemba, pamoja na kwamba kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019. Mtu amelala kwenye kibanda cha lori, hajaoga, hajui mwanawe ameamkaje huko Kibaha. Lakini ana mshahara, ana kitambi, na hakuna mzazi atakayetuma alama ya moyo akiona picha ya kitambi. Watoto wanaobeba mizigo ya watu mpakani saa za masomo nao waache. Ukiwauliza kwa nini hawako darasani, majibu yao yatahitaji kikao, na kikao kitahitaji walimu, na walimu watasema suala hilo ni la serikali.

Mhitaji bora ni bibi. Awe anaishi peke yake, awe karibu na barabara ya lami ili basi la shule ligeuze bila taabu, na asiwe mwongeaji.

Siku yenyewe nendeni 40. Bango litangulie, liwe na nembo ya shule, jina la somo wa shule, mwaka, na neno huruma kwa herufi kubwa. Zawadi iwe mche wa sabuni, sukari kilo moja na kanga. Katika kukabidhi, mche mmoja ushikwe na watu sita kwa pamoja, bibi akiwa wa saba. Mpiga picha ni kiranja wa taaluma, kwa kuwa simu ya mwalimu amekabidhiwa yeye.

"Bibi, tazama huku. Inua sabuni kidogo. Tabasamu."

Bibi anatabasamu. Mikono sita imeganda. Kisha kiranja anaitazama simu, anaigeuza, anaipiga piga kwenye paja.

"Samahani bibi, ilijizima. Turudishie sabuni tukupe tena."

Bibi anairudisha. Wameheshimiana hapo uani, hakuna ubaya. Anakabidhiwa upya, picha inapatikana, makofi yanapigwa, wimbo unaanzishwa. Katikati ya wimbo bibi anamgusa katibu mkono.

"Wajukuu zangu, nashukuru sana, Mungu awabariki. Sabuni sasa ninayo. Maji je?"

Tunduma imekua haraka kuliko mabomba yake, na ndoo ya maji huko ni kitu cha kununua au cha kufuata kisimani. Pipa la bibi liko mlangoni, kila aliyeingia amelipita, na mmoja wetu ameegesha bango juu yake. Vijana 40 walioshiba wamesimama uani, mikono 80, mwendo wa kisimani hauzidi urefu wa viwanja vichache vya mpira. Hapa ndipo mwongozo wangu unapokuwa na thamani, maana mtu asiye na uzoefu anaweza kuropoka, "Tukachote." Usithubutu. Jibu sahihi ni hili: "Tutalifikisha, bibi." Andika kwenye daftari. Dereva atapiga honi.

Nchini Marekani shule nyingi za Kikatoliki humdai mwanafunzi atimize saa kadhaa za huduma ndipo ahitimu, na fomu hutiwa saini na aliyehudumiwa au msimamizi wa mahali. Tunawacheka kwamba wanapima upendo kwa saa ya ukutani. Sisi tunaupima kwa bando. Kwa vyovyote, mwanzo wa huduma ya wanafunzi ulikuwa tofauti kidogo. Frédéric Ozanam na wenzake walipoanzisha mwaka 1833 kule Paris kile ambacho leo ni Chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo, yeye alikuwa mwanafunzi wa miaka 20, na Sista Rosalie Rendu ndiye aliyewaonyesha nyumba za kuingia. Waliingia, wakakaa, wakarudi tena kwa familia zilezile. Hawakuwa na basi, ndiyo maana.

Nikuchane ukweli kuhusu jambo moja ambalo hutaambiwa na mtu. Jumatano ukichelewa prepo, utaosha vyoo vya bweni, na wenzako watakupita wakikucheka. Jumamosi TYCS ikienda kituo cha afya, utaosha vyoo, na utaombewa kwenye sala za waamini. Ufagio ni ule ule wa chelewa, dekio ni lile lile, harufu haina tofauti ya dhehebu. Ukidaka choo gani ni adhabu na choo gani ni upendo, umemaliza elimu ya dini. Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya kujitosa kikamilifu kwenye siasa alifundisha St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu, shule mbili za Kikatoliki wakati huo, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya masomo. Jembe tulilipokea. Likakaa kidogo shambani, kisha likahamishiwa ofisi ya nidhamu, na huko ndiko linakotolewa hadi leo. Halafu tunashangaa mtoto aliyefundishwa kwa miaka minne kwamba kufagia ni fedheha anapofika kwa bibi na kushika bango badala ya ndoo.

Ukibahatika kuwa shuleni Alhamisi Kuu, unaweza kuchaguliwa miongoni mwa wale 12 watakaooshwa miguu. Ni heshima kubwa. Tangu asubuhi utawakuta bombani wanasugua visigino kwa jiwe, wanapaka mafuta, wanaazima soksi mpya, ili padre akiinama na beseni akute miguu safi kuliko beseni lenyewe. Padre anajua. Anaosha hivyo hivyo, anafuta, anasogea kwa mwingine.

Kwa hiyo ombi langu haliendi kwako, mdogo wangu, maana wewe utafuata utakachokikuta. Linakwenda kwa walimu wa nidhamu na walezi wa TYCS: futeni choo, fyekeo na ufagio kwenye orodha ya adhabu. Wekeni zamu ya usafi inayomgusa kila mtu, kaka mkuu na mwalimu wa zamu wakiwemo, na mchelewaji wa prepo mtafutieni adhabu nyingine. Na yule bibi wa Tunduma bado hajaletewa maji. Daftari analo katibu.