Nani Alikwambia Omena ni Rahisi?

Mtu akikwambia omena ni chakula cha bei rahisi, muulize ni nani humpikia. Wengi wa wasemao hivyo hukutana na omena mezani, wameshakaangwa wakakauka, wamefunikwa nyanya na dhania, ugali unafuka moshi pembeni. Beseni hawalijui. Mchanga hawaujui. Hawajawahi kuinama juu ya sinia saa mbili usiku, stima imepotea, wanatafuta kijiwe kwa tochi ya simu katikati ya samaki wasiohesabika, wote wamewakodolea macho.

Mimi nawajua tangu sokoni. Jumamosi hutumwa Gikomba kwa sababu, mama watoto anasema, mwanamume hapunjwi. Anayesema hivyo hajawahi kumwona mwanamume mbele ya akina mama wa samaki. Gorogoro la kupimia linajazwa hadi linatoa kilele, omena wanamwagika pande zote, na moyo wako unaingiwa na furaha ya kijinga. Huoni kwamba tako la lile bati lilishapigwa nyundo likabonyea ndani, na kwamba kile kilele ndicho kinachofidia shimo. Ukiuliza wametoka wapi, jibu ni moja: "Hawa ni wa Mfangano, kastoma wangu." Sijawahi kuuziwa omena wa mahali pengine. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa ili samaki wazaane, na miezi hiyo wengi huletwa kutoka Tanzania, ambako ni dagaa, na Uganda, ambako huitwa mukene. Wanavuka mpaka, wanapanda lori, wanashushwa Gikomba, na wakishaingia kwenye gorogoro wote ni wazaliwa wa Mfangano.

Bei nayo haishuki uvuvi ukifunguliwa wala ukifungwa. Unaambiwa omena ndio wengi kuliko samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria, ukiwapima kwa uzito. Basi wanakwenda wapi? Wanakwenda kwa kuku. Sehemu kubwa ya omena husagwa ikawa chakula cha mifugo, kwa hiyo pale sokoni sishindani na jirani yangu wa Umoja, nashindana na kuku wa Kiambu, ambaye ana mnunuzi mwenye lori. Kuku huyo anakula omena wangu akiwa kijana, kisha Krismasi naambiwa nimnunue yeye. Hivyo omena wale wale nimewalipia mara mbili, na mara ya pili wana manyoya.

Safari ya kurudi nyumbani sitaki kuieleza kwa kirefu. Zamani mfuko wa plastiki ulikuwa unaficha aibu. Tangu ulipopigwa marufuku mwaka 2017, omena husafiri kwa mfuko wa kitambaa ambao unapumua, na mfuko ukianza kupumua, abiria wanaacha. Jogoo Road yote watu wanaangalia viatu vyao na kisha viatu vya jirani. Makanga anafungua dirisha huku akiniangalia mimi. Nami naangalia nje, kama mtu mwenye mawazo ya maana.

Sasa mchanga. Omena huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza usio na mwezi. Wavuvi huweka taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na samaki wanaufuata mwanga hadi wavuni. Mpaka hapo ni kazi safi. Asubuhi wanaanikwa juani, na wengi wao wanaanikwa chini, juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa ufukweni, kwa sababu chanja za kuanikia juu zinataka mbao na pesa. Kuku wanapita, watoto wanapita, upepo nao haukosi. Ndiyo maana nikimimina gorogoro langu kwenye sinia napata omena, na juu ya hao napata magamba ya konokono, majani makavu, uzi wa nyavu, na ufuo mzima wa Ziwa Victoria uliosagwa vizuri. Mchanga huo nimeulipia kwa bei ya samaki.

Kazi ya kuchambua ni ya familia nzima, hivyo ndivyo ilivyotangazwa. Lakini sinia likitua mezani, mkubwa anakumbuka ana hesabu za kumaliza, mdogo tumbo linamuuma, na mama watoto anapokea simu ya dada yake. Nabaki mimi na omena. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wanakuja kutoa ushauri. Toa vichwa, vichwa ni vichungu. Usitoe vichwa, utamu uko kichwani. Jirani wa mlango wa tatu, aliyekuja kuomba chumvi, alisimama hapo hadi nikadhani analipwa, akanieleza kwao hawatoi vichwa wala mikia, kwao wanatoa wageni.

Wakishachambuliwa, maji. Kwanza maji moto ya kuwaloweka, ili mchanga uachie na harufu ipungue. Unayamwaga. Kisha maji baridi, unasugua kwa viganja polepole wasivunjike, unawaopoa kwa mkono, na chini ya beseni unaona ufuo umetulia. Unarudia. Unarudia tena hadi vidole visikwaruzwe. Kitabu cha mapishi kitakwambia "osha vizuri", maneno mawili, kana kwamba mwandishi wake anaishi kando ya mto. Hapa kwetu mfereji una siku zake, na siku zake hazijawahi kugongana na siku ya omena. Nanunua mitungi, naipandisha ghorofa ya nne kwa bega langu, kisha naimwaga yote kuoshea samaki aliyetoka majini. Mama watoto aliwahi kuhifadhi yale maji ya mwisho akapigia deki. Nyumba ilinuka ziwa wiki nzima.

Na hapo hatujafika kwenye kukaanga, ambako ndiko vita vilipo. Ukitaka kuuona mtaa uliojengwa na mtu aliyewafikiria walaji wa omena, nenda Kaloleni: nyumba za chini za miaka ya 1940, viwanja vya nyasi katikati, harufu inapanda mbinguni bila kumpitia mtu. Hata Umoja ilipojengwa miaka ya 1970 ilikuwa ya nyumba za chini, na nyuma ya nyumba palikuwa na ua wa kuweka jiko. Wenye nyumba wakaanza kuongeza chumba, kisha ghorofa, kisha ghorofa juu ya ghorofa, na ule ua ukawa shimo jembamba la hewa ambalo madirisha ya jikoni yote yanalichungulia. Nikitia omena kwenye mafuta, harufu inaingia shimoni na kupanda mlango kwa mlango, tena haraka kuliko habari ya mtu aliyeshindwa kodi. Kwenye kundi la WhatsApp la ploti mtu anaandika: "Kuna kitu kimekufa?" Naye ndiye yule yule ambaye kila Jumapili huchoma mutura kwenye ngazi.

Shemeji yangu aliyeolewa Mombasa alikuja mwezi jana akakuta haya yote, akacheka. Alisema sisi watu wa bara tunateseka kwa kutojua. Akafungua mkoba wake akatoa mfuko wa dagaa wa Pwani, wa baharini, weupe wanaong'aa, bila punje ya mchanga. Nikafurahi. Sikujua kwamba pale mchanga ulipokosekana pamekaa chumvi.

Dagaa wa Pwani wengi hawaanikwi wabichi. Hata Unguja, ambako biashara yake ni kubwa na mzigo mwingi huishia Kongo, hutumbukizwa kidogo kwenye mapipa ya maji ya chumvi yanayochemka, ndipo wanatandazwa juani. Wanakaa muda mrefu bila kuoza, na sishangai: ile chumvi ingeweza kumhifadhi Farao. Shemeji akasema waloweke, mwaga, waloweke tena. Maji yale yale! Mitungi ile ile, ghorofa ile ile ya nne! Kisha akataka nazi mbili na mbuzi ya kukunia. Nazi nilizipata sokoni kwa bei ya nyama. Mbuzi ya kukunia hakuna aliyekuwa nayo katika ploti yote, na mtoto niliyemtuma aulize alirudi na ujumbe kwamba jirani wa chini anaye mmoja lakini yuko kijijini.

Dagaa walipoiva walikuwa watamu, sikatai. Shemeji akajipa uprofesa. Akasema omena wetu si hata ndugu wa hawa. Nikaenda kutafuta ili nimshinde, nikamkuta ana haki: omena yuko katika ukoo wa karpu, samaki wa maji baridi, na wale wa Pwani wengi ni anchovi halisi, wa ukoo ule ule ambao Waitaliano na Wahispania hupanga kwenye mapipa kwa tabaka za chumvi na kuwaacha miezi kadhaa. Kule Santoña, Uhispania, kazi hiyo ililetwa na Wasisilia mwishoni mwa karne ya 19, na mji umeitegemea hadi leo. Kabla ya kumla unamwosha chumvi, unampasua kwa vidole, unamtoa mgongo. Kichupa chenye vipande vichache nimekiona kwenye rafu ya supamaketi moja kubwa hapa mjini, nikakirudisha kwa mikono miwili. Mzungu akiosha samaki mdogo wa chumvi, huo ni upishi. Nikimwosha mimi, kuna kitu kimekufa.

Basi nilikaa nikapiga hesabu ya omena wangu wa bei rahisi. Gorogoro, nauli, maji, mafuta ya kupima mara mbili kwa sababu ya kwanza waliyanywa, vitunguu, nyanya ambazo msimu huu zinauzwa moja moja kama mayai, maziwa pakiti mbili maana mama watoto ni wa huko ziwani na kwao omena bila maziwa ni chakula cha mahabusu, gesi, na sukuma wiki ya kusindikizia. Nikavuka barabara nikamuuliza mchinjaji bei ya nusu kilo ya nyama. Aliponijibu niliomba aseme tena. Tofauti ingetosha nauli ya kwenda Gikomba, lakini mtu wa nyama hana shida na Gikomba.

Nilimpelekea mama watoto hesabu hiyo kwenye karatasi. Akaisoma hadi mwisho, akaigeuza akafungia dhania.

Shemeji amepiga simu jana. Amesema tumemfurahisha sana, na akija tena hataleta dagaa, ataleta papa wa chumvi, yule mkubwa aliyekaushwa vipande. Nimeona ni uungwana kumjulisha msimamizi wa ploti mapema. Alinisikiliza, akafikiri, akafungua daftari lake, akaniuliza kama depositi yangu ilikuwa ya mwezi mmoja au miwili.