Jina Lako Niachie Mimi

Mshereheshaji amenitambulisha kwa ufupi wa kusikitisha. Hakusema kwamba mimi ndiye bingwa pekee wa Taaluma ya Uitaji wa Makabila ukanda huu wote. Taaluma hiyo niliiasisi mwenyewe, nikajifundisha mwenyewe na kujitunuku shahada mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwenye sifa za kunitahini.

Mada iliyonileta Karatu ni nyeti: watu wa makabila mbalimbali tuwaiteje kwa heshima? Andikeni kanuni ya kwanza. Jina la kabila huulizwa kwa jirani. Usimuulize mwenyewe, mwenyewe ana upendeleo. Ukitaka jina la Wadatoga, nenda kwa Mmasai, atakupa jina fupi lenye uzito: Mang'ati. Limeshika kweli kweli, mpaka makondakta wa mabasi ya Babati na Katesh wanalo. Kwa Kimasai maana yake ni maadui. Nasikia minong'ono. Ndugu zangu, adui ni mtu mkubwa! Nani anahangaika kumpa jina mtu asiyemwogopa? Nilimweleza hoja hii mzee mmoja wa Kidatoga, mhunzi wa kule Eyasi, akiwa anayeyusha makufuli mabovu na koki za bomba apate bangili za shaba. Hakunijibu. Aliendelea kuvukuta moto, majivu yakanirukia kwenye suti. Nimeandika katika ripoti yangu kwamba aliafiki.

Na nyinyi mliojaa safu hizi za mbele mkijiita Wairaqw, kwenye jedwali langu mmesomeka Wambulu, kwa heshima ya mji. Msigune, mji wenyewe mzuri.

Kanuni ya pili: mtu aitwe kwa kile asichokuwa nacho. Wamasai, walimu wangu, waliwatazama warina asali wa misituni wakawaita Il-Torobo, yaani wasio na ng'ombe, mafukara. Sisi Waswahili tukalainisha tukasema Wandorobo, Mwingereza akaandika Dorobo, na jina likaanza kazi. Tume ya Carter, iliyochunguza ardhi ya Kenya mwaka 1932 na 1933, ilipendekeza watu hao wapelekwe kwenye maeneo ya makabila makubwa yaliyo karibu nao. Mtu ukishazoea kumwona hana ng'ombe, kumwona hana ardhi si kazi.

Sasa tazameni ukaidi. Watu wa msitu wa Mau wakashikilia kwamba wao ni Waogiek. Kesi yao ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha, safari ya saa chache kutoka ukumbi huu. Tarehe 26 Mei 2017 majaji wakaamua kwamba Kenya imevunja haki zao, pamoja na ile ya kutambuliwa kuwa kabila linalojitegemea kama mengine. Mwaka 2022 wakaamuru fidia. Gharama zote hizo, wakati jina walishapewa bure!

Naruka hadi kanuni ya saba. Zilizo katikati zimo kitabuni, na kitabu kinauzwa pale mlangoni. Kanuni ya saba: ukichoka, changanya. Magharibi ya Kenya wakoloni waliwaita Wajaluo Kavirondo wa Kiniloti, na Waluhya Kavirondo wa Kibantu. Watu wasioelewana hata salamu, jina moja! Hazina hiyo tumeipoteza, hata ghuba iliyobeba jina hilo siku hizi inaitwa Winam. Kisha kuna hawa waliokaa kitako miaka ya 1940 wakajichagulia jina la Kalenjin, maana yake nawaambia. Wanatuambia nini, na nani aliwauliza? Wa pwani nao, tuliokwisha kuwapa jina zuri la Wanyika, watu wa porini, wakajiita Mijikenda bila kuniandikia barua.

Serikali yetu nayo imeniponza. Baada ya sensa ya 1967 karani haulizi tena kabila la mtu. Bingwa kama mimi atakula wapi?

Mama wa nyuma, naona umenyoosha mkono tangu kanuni ya kwanza. Unasema wewe ni nani? Mhadzabe? Keti, mama. Kwenye jedwali nyinyi ni Watindiga, ukurasa wa nne, na nakala zimeshatoka kiwandani, za rangi. Hapana, mama. Naelewa kwamba ndivyo mnavyojiita, na ndiyo sababu nimekwambia una upendeleo. Mwenyekiti, huyu aliyempa kipaza sauti ni nani?

Posho zinatolewa kwa kufuata jedwali. Wambulu, meza ya kulia. Mang'ati, nje, chini ya mti. Wewe mama subiri kidogo, kwa sababu karani ananiambia kwenye fomu zake Watindiga hawamo. Atakuandika Wengineo, uweke dole gumba.