Kasi Tupu Yatosha

Namwonea huruma mwalimu wa fizikia anayemaliza kipindi kizima akisisitiza kwamba kasi peke yake haitoshi, sharti itajwe na mwelekeo. Wa nini? Mshale wa dashibodi husoma kilomita 80 kwa saa bila kujali kama basi linakwenda Tanga au Mbeya, na haujawahi kufukuzwa kazi.

Mwaka 2020, mjini Valencia, Joshua Cheptegei wa Uganda alizunguka uwanja mara 25, mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11: zaidi ya mita sita kila sekunde. Mwanafizikia mkaidi atakwambia kwamba, kwa kuwa alimalizia alikoanzia, ukihesabu na mwelekeo wastani wake ni sifuri. Sifuri, na rekodi ya dunia mkononi! Dunia yenyewe hulizunguka jua kwa takriban kilomita 30 kila sekunde, na baada ya mwaka iko palepale. Nani ameidai ripoti?

Basi kamati zetu zikitangaza kwamba utekelezaji unakwenda kwa kasi kubwa, tupige makofi. Atakayeuliza "kuelekea wapi?" huyo anachelewesha maendeleo.