Fadhila za Kompyuta Kuukuu

Waandishi wa kale walikuwa na mazoea ya kuvitungia sifa vitu ambavyo wengine huvidharau: Lucian alimsifu nzi, Askofu Synesius aliusifu upara, naye Erasmus, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, aliupa upumbavu wenyewe jukwaa ujisifu kwa kinywa chake. Katika orodha hiyo imesahauliwa kompyuta kuukuu, ile ya mezani yenye kasha lililogeuka rangi ya chai, ambayo katika mji wa Nanyamba, juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, bado inapata kazi katika steshenari na katika vyama vya msingi vya ushirika wa korosho, ambavyo wakulima huviita AMCOS. Upungufu huo unastahili kurekebishwa, hasa kwa kuwa wapinzani wa chombo hiki wana fedha za matangazo, ilhali chenyewe hakina hata spika inayolia.

Fadhila yake ya kwanza ni kufundisha subira. Diski ya kompyuta ya zamani imeundwa kwa sahani za sumaku zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikihamahama juu yake kutafuta kila kitu kilipowekwa, na ndiyo maana huwashwa asubuhi ikawa tayari baada ya chai. Diski za kisasa hazina kinachozunguka, hufunguka mara moja, na hivyo humnyima karani chai yake. Mkulima anayesubiri jina lake lionekane katika orodha ya malipo hupata wasaa wa kujuliana hali na majirani, kuijadili bei ya mnada uliopita na kuwasema vizuri watu wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho vijijini kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ambapo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada badala ya kila mkulima kuuza peke yake, ni vigumu kutaja semina ya ushirika iliyowakalisha wanachama pamoja kwa muda mrefu kiasi hicho bila posho.

Fadhila ya pili inahusu wakati. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoiwezesha saa kutembea hata umeme unapokatika. Betri hiyo ikifa, kila umeme unaporudi kompyuta hurejea katika tarehe ya ujana wake. Ndipo hupatikana orodha inayoonyesha kwamba korosho za msimu huu zilipimwa tarehe 1 Januari 2009, jambo linalothibitisha, kwa yeyote atakayesoma nyaraka hizo baadaye, kwamba chama kiliwahudumia wakulima miaka mingi kabla hawajavuna. Zaidi ya hayo, tovuti salama hujitambulisha kwa hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba mwaka bado ni 2009 huiona hati hiyo kuwa ya wakati ujao na hukataa kufungua. Mwenye ofisi huwa amekingwa dhidi ya intaneti bila kununua programu yoyote ya ulinzi.

Kuhusu umbo lake, wapinzani hucheka ukubwa, lakini hawajaishi kando ya barabara ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala na Masasi, wala hawajaonja vumbi la salfa inayopulizwa kwenye mikorosho miezi ya katikati ya mwaka. Kasha la zamani hufunguliwa kwa bisibisi moja na kusafishwa kwa brashi ya rangi, na kila kiungo chake huchomolewa na kubadilishwa, ilhali katika kompyuta mpakato nyingi za kisasa kumbukumbu ya muda imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, kiasi kwamba fundi hana la kufanya ila kutoa pole.

Shtaka kubwa zaidi ni kwamba imepitwa na wakati, na hapa ni haki kuuliza ni nani anayeushika wakati huo. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kurekebisha kasoro za usalama za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi ambao Mtwara hushughulikia msimu wa korosho, na mrithi wake, Windows 11, haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Korosho hazikubadilika kwa ajili hiyo. Daftari la AMCOS lina majina, kilo, daraja, makato na jumla, hesabu ambazo mashine ya mwaka 2009 huzimaliza kabla karani hajaondoa kidole kwenye kibodi. Niklaus Wirth, mtaalamu wa Uswisi, alikwisha kulalamika mwaka 1995 kwamba programu huongeza uzito haraka kuliko mashine zinavyoongeza kasi. Kwa hiyo kinachoitwa uzee wa kompyuta mara nyingi ni unene wa programu.

Tanzania yenyewe ina rekodi nzuri katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya gharama na matatizo kuzidi matarajio, serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, zuio lililolegezwa katika miaka ya 1980. Mmiliki wa kompyuta kuukuu pale Nanyamba anaitekeleza kwa hiari sera iliyohitaji amri ya dola. Tena anaisaidia dunia, ambayo mwaka 2022 ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki na kuthibitisha urejelezaji wa asilimia 22.3 tu: kioo cha kichogo, yaani skrini nene ya zamani, chenye madini ya risasi ndani yake, kikiachwa mezani hakidhuru kisima cha mtu.

Sifa zote hizo zina mpaka mmoja, nao ni fedha za watu. Mashine isiyorekebishwa tena kasoro zake haifai kugusa akaunti ya benki wala mfumo wa mnada wa mtandaoni, na kwa kazi hiyo chama kinunue mpya, au kiiwekee ya zamani mfumo endeshi wa bure wa Linux unaoendelea kurekebishwa. Kwa kuchapa barua na kutunza daftari, ya zamani ibaki nje ya mtandao, ibadilishiwe diski na ile betri ya duara, na nakala ya orodha za wakulima iwekwe kila wiki kwenye flashi inayohifadhiwa katika jengo jingine.