Jirani Asiye na Nyumba

Grupu la mtaa wetu lina mambo yake yanayojulikana. Maji yakikatika tunaulizana kama yamekatika kwa wote au ni laana ya nyumba moja. Mbuzi akipotea, picha yake inatumwa, ingawa mbuzi wote wa mtaa huu wana sura moja. Mtu akifiwa tunapeana pole, na pole zikiwa bado zinamiminika atatokea mjasiriamali kuandika: "Poleni sana wafiwa, Mungu awatie nguvu. Kwa maturubai, viti na masufuria njoo inboksi, bei ni maelewano." Huyo tumemzoea. Anatuuzia mchana kweupe, duka lake tunalijua, na akikuletea viti vibovu unajua pa kumfuata.

Ninayemlalamikia mimi ni mtu wa namna nyingine. Aliingia kimyakimya, akakaa, kisha alfajiri moja akaibuka: "Habari za asubuhi wapendwa! Hivi familia yako inatumia sabuni gani ya kufulia, na kwa nini?"

Nimeishi mtaa huu tangu enzi za mashamba ya mihogo, sijawahi kumsikia jirani akiuliza "na kwa nini". Jirani wa kweli anauliza nani ana pasi ya mkaa, maana umeme umegoma na mtoto anatakiwa shule. Jirani wa kweli hasemi "familia yako", anasema "nyie huko kwenu". Halafu ile furaha! Hakuna binadamu wa huku kwetu mwenye furaha kiasi kile kabla hajanywa chai.

Watu si wakajibu! Sisi ukituuliza nani hajalipa mchango wa ulinzi shirikishi, grupu zima linapoteza mtandao. Ukituuliza sabuni, hata waliojificha humu tangu lilipoundwa wanafufuka. Mmoja akaisifia ya unga, mwingine akasema ya unga inamchubua vidole, mama mmoja akaeleza kuanzia mkaja wa uzazi wa kwanza hadi mashuka ya mkwewe. Mimi mwenyewe nikaandika kuhusu mche wa sabuni ninaoutumia, ambao bei imebaki palepale lakini wenyewe unakonda kila mwaka, mpaka sasa ukikatwa vipande vinne kila kipande kinatosha soksi tu. Niliandika hivi: "Hongereni sana watengenezaji kwa kutupunguzia mzigo wa kubeba. Mungu awazidishie."

Mpwa wangu anafanya kazi kwa wakala mmoja wa matangazo mjini. Alipokuja Jumapili nikampa simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hebu nisomee huyu, ni mtu au ni jini?"

Akasoma, akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Huyu mtafiti wa soko, mjomba. Tena anaanza kazi. Aliyekomaa angeanza kwa kulalamika nguo zimepauka."

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi ili tukereke pamoja. Kampuni zilishachoka na madodoso. Msichana mwenye kishikwambi akikugongea mlango na kukuuliza bidhaa fulani unaionaje, unamwonea haya, unasema nzuri sana, mwanangu, karibu maji. Lakini mkiwa wenyewe kwa wenyewe mnasema kweli. Kwa hiyo wanakuja kusikiliza mnapojisahau. Yanayoandikwa hadharani, kama kwenye JamiiForums ama chini ya picha za Instagram, yanasomwa na programu za kompyuta usiku na mchana. WhatsApp imefungwa kwa ndani, mashine haioni kitu, hivyo inabidi aletwe mtu mwenye macho. Grupu moja linabeba hadi watu 1,024. Nani atamhesabu mmoja aliyezidi?

Nikamuuliza kama hawana haya. Akasema kazi hii ina wazee wake wenye heshima, akamtaja profesa Robert Kozinets, aliyechapisha makala mwaka 2002 baada ya kukaa kwenye baraza moja la mtandaoni la wapenzi wa kahawa, akisoma wanavyobishana kuhusu mashine, buni na povu. Mimi na huyo profesa hatuna ugomvi. Yeye aliagiza kabisa kwamba mtafiti ajitambulishe kuwa yupo na amekuja kufanya nini, aombe ruhusa kabla ya kunukuu maneno ya mtu, kisha awarudishie wenyewe alichokiona wamsahihishe. Yaani apige hodi, aingie, na akiondoka aage. Waliofuata wamechukua ile kazi ya kusikiliza, hodi wakaiacha mlangoni.

Na hata kusikiliza kwenyewe, basi wangesikiliza! Mpwa wangu akafungua kompyuta yake kunionyesha inavyofanya kazi. Ile programu inaokota kila posti yenye jina la bidhaa na kuitia kwenye kapu: sifa, lawama, au si huku si kule. Tukaingiza maneno yangu ya mche wa sabuni. Imeona "hongereni", imeona "Mungu awazidishie", ikaniweka kwenye kapu la sifa na rangi ya kijani juu. Mtu mzima nimekasirika hadharani, nimehesabiwa shabiki! Tukaingiza ya kijana wa bodaboda aliyesema sabuni hiyo ni noma, hatari tupu, inaua, akimaanisha nguo zake zimetakata mpaka akapata mchumba. Ikamtia kapu la lawama, rangi nyekundu. Sasa fikiria mkutano wa wakubwa, kiyoyozi kinavuma, ukutani pameoneshwa kwamba wazee wamefurahi mche kupungua ila vijana wana manung'uniko kuhusu kutakata kwa nguo.

"Hamna mtu wa kusoma?" nikauliza.

"Yupo, mjomba. Ila posti ni nyingi, na yeye ni mmoja, tena yuko kwenye mafunzo kazini."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea mwaka jana. Tulilalamika mche umepungua, wao wakatuletea karatasi mpya yenye ua, neno MPYA, na harufu ya waridi. Waliyasikia malalamiko, wakasikia kwamba tunaongea sana kuhusu mche. Basi wakaupamba.

Kuna na wale wa hatua ya pili, ambao hawaji kusikiliza. Hao wanakuja kusema, na kusema kwenyewe wanajifanya sisi. Hapa nyumbani tunawaita machawa, na tunadhani ni ugonjwa wetu. La hasha. Mwaka 2013 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alitangaza kwamba amewatega. Wapelelezi wake walijifanya wana duka la mtindi huko Brooklyn linalosemwa vibaya na wateja, wakapiga simu kwenye kampuni za kusafisha majina mtandaoni kuomba msaada. Msaada ukapatikana chapchap. Mwisho wa siku kampuni 19 zilikubali kuacha mchezo huo na kulipa faini ya jumla iliyozidi dola 350,000. Sifa nyingine zilikuwa zinaandikwa kutoka Ufilipino na Bangladesh, kwa malipo ya dola moja hadi kumi kwa sifa. Mtu yuko Dhaka anasifia mtindi wa Brooklyn, hajawahi kuulamba.

Hata Reddit, huko ambako leo watu wa masoko wanakwenda kuchota maoni ya watu "halisi", mmoja wa waanzilishi wake, Steve Huffman, amekwisha kusema wazi kwamba walipoanza mwaka 2005 waliweka akaunti za uongo wao wenyewe ili paonekane pana watu. Msingi wenyewe wa nyumba ni wapangaji hewa. Mimi ningeanzia wapi kushangaa jirani wa sabuni?

Wapo wanaofanya hadharani, niwape haki yao. LEGO, wale wa vitofali vya watoto, wanakwambia leta wazo lako, likipata watu 10,000 wa kuliunga mkono wanalikalia kikao, na likitengenezwa unapata asilimia moja ya mauzo. Mimi nina wazo la mche wa sabuni wenye mistari ya kukatia, ili muuza duka asinikatie kipande cha upendeleo wake. Nimeliandika grupuni bure zaidi ya mara moja. Nikiliona dukani, asilimia yangu nitaidai wapi? Kwa mtu ambaye picha yake ya wasifu ni machweo ya jua?

Huyo mwenye machweo, muuliza sabuni wetu, hakudumu. Hakuna aliyemkemea, wala admini hakumtoa. Alifanywa tu kama tunavyomfanya kila mgeni wa huku kwetu. Mama mmoja alimwandikia kwa upole mkubwa: "Karibu mwanangu. Nyumba ya nani?" Akajibu anakaa mtaa wa juu. "Juu kwa nani? Kwa Mzee Muuza Mkaa au kwa bibi wa vitumbua?" Akasema karibu na bibi wa vitumbua. Mama akauliza, "Haya, na bibi anaendeleaje na mguu?" Bibi wa vitumbua yuko humuhumu grupuni, akaandika mwenyewe kwamba mguu hauna tatizo, ila huyu mtoto hamjui. Ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu: ametoka.

Wiki hii mpwa kanipigia. Wateja wake wamependa sana mzee mmoja aliyewaombea Mungu awazidishie, wanataka awe balozi wao mtaani, asijitambulishe, aseme tu mazuri pale mazungumzo yakipamba moto. Malipo ni katoni ya sabuni kila mwezi.

"Mjomba, kwa wale wa New York mtu alipata hadi dola kumi kwa sifa moja," nikamwambia, "na wala hakuwa na kipaji changu cha kuonekana nimefurahi."

"Katoni, mjomba. Ndiyo bajeti."

"Miche ya ukubwa gani?"

Kimya kidogo. "Hii ya sasa."

Nikamwambia awaambie hongera sana.