Heko kwa Piko ya Nyumbani

Jahazi limesifiwa, karafuu imesifiwa, mnazi umesifiwa hadi ukabaki kujisifu wenyewe. Lakini mtu anayejifungia bafuni Jumamosi usiku na pakiti ya piko, bakuli la plastiki lililokwisha kufukuzwa jikoni na mswaki wa zamani, huyo hana wa kumsifu. Tunamsubiri Jumapili asubuhi tumcheke masikio. Kicheko hicho ni utovu wa shukrani, na nitaeleza kwa nini. Binadamu hudanganya kuhusu umri wake kwa njia nyingi: wapo wanaopunguza miaka kwenye fomu za kazi, wapo wanaoweka picha za zamani, wapo wanaoacha ghafla kusherehekea siku ya kuzaliwa. Katika uongo huo wote, kujipaka rangi nyumbani ndio pekee usiomdhuru jirani, kwa sababu haumdanganyi jirani. Saluni hudanganya vizuri, na hapo ndipo penye hatari. Nyumbani watu hudanganya vibaya, na ubaya huo ndio ninaousifu.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya bakuli. Piko, au kanta kama wasemavyo wengi Kenya, haipaki unywele kama rangi inavyopaka ukuta. Kiini cha nyingi kati ya rangi hizi ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD, na molekuli zake zikiwa changa hazina weusi wa kutisha. Zikilowa hupenya ndani ya unywele, hukutana na oksijeni, huungana zikawa kubwa na nyeusi, na kwa unene huo hazipiti tena kwenye mlango zilioingilia. Ndiyo maana uji unaokorogwa huanza na rangi ya tope jepesi. Mpakaji wa nyumbani anautazama, anaona weusi haupo, anashuku kauziwa feki, anaongeza tabaka la pili. Wakati huohuo lile la kwanza linaanza kuiva. Isitoshe, molekuli hizi hazina macho. Tabaka la juu la ngozi limejaa keratini, protini ileile inayojenga nywele, kwa hiyo piko haijui sharafa inapoishia na sikio linapoanzia. Inashika paji la uso, inashika shingo, inashika ukucha wa kidole gumba cha yule aliyedharau glovu. Msusi hupaka mafuta mazito kwenye ukingo wa nywele kabla ya kuanza. Wa nyumbani huyakumbuka mafuta akiwa tayari anasugua paji kwa dawa ya meno. Basi anatoka na mstari mweusi kichwa kizima, hati ya ungamo iliyobandikwa mahali ambapo hata asiyejua kusoma ataisoma, nayo haifutiki mpaka ngozi ijichubue yenyewe siku kadhaa baadaye.

Kisha kuna suala la kisogo. Hakuna aliyewahi kukiona kisogo chake bila msaada, na kioo, pamoja na sifa zake zote, hugeuza kushoto kuwa kulia. Kwa hiyo anayetaka kuficha mvi kwa siri lazima amwite mtu wa kumpaka nyuma: mke, mume, dada, au mtoto wa darasa la nne ambaye Jumatatu atawasimulia wenzake wote. Nijuavyo mimi, hii ndiyo siri pekee isiyoweza kutekelezwa bila shahidi. Wapo wanaojaribu peke yao, kwa kupapasa, na hao huacha nyuma ya kichwa kiraka cheupe kilichokaa kama kiwanja kisicho na hati. Wanaokuja mbele yao huona kijana, wanaowafuata kwenye foleni ya benki huona mzee, na wote wawili wako sahihi. Nyumba yenyewe nayo hushiriki. Foronya inashuhudia, taulo linashuhudia, sinki lina doa ambalo halitoki. Mahakama nyingi zimewahi kumfunga mtu kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Saluni hujibu kwamba fani ni yao na wa nyumbani ni mvamizi. Historia inasema vingine. Mwaka 1907, huko Paris, mkemia kijana aitwaye Eugène Schueller alitengeneza rangi za nywele nyumbani kwake, kisha akawa anazipeleka kwa wasusi kuwauzia. Kampuni aliyoisajili mwaka 1909, ambayo leo ni L'Oréal, aliipa jina lenye maana ya kampuni ya Kifaransa ya rangi za nywele zisizo na madhara. Na mtu akijitambulisha kwa kusema hana madhara, ni haki kuuliza nani alikuwa amelalamika. Kwa hiyo rangi hizi za kisasa zilitoka nyumbani zikaenda saluni, si kinyume chake. Mwaka 1956, Clairol ya Marekani iliwaletea wanawake rangi ya kujipaka wenyewe kwa hatua moja, na tangazo lililoandikwa na Shirley Polykoff likauliza kama bibi huyu anapaka au hapaki, likijigamba kwamba anayejua kwa hakika ni msusi wake tu. Hilo lilikuwa tangazo la uongo uliokamilika. Kwetu mambo yamegeuka: majirani wanajua, muuza genge anajua, kondakta anajua, na wa mwisho kupata habari ni msusi.

Najua pingamizi linalosubiri, maana limo midomoni mwa kila Mswahili: kinyozi hajinyoi. Na akijinyoa, hujikata. Sina ugomvi na wahenga, ila nawaomba wasomaji waisome methali hiyo polepole. Inasema akijinyoa atajikata. Haisemi atamkata mwingine. Katika kazi nyingine zote za mikono, mwenye kukosea ni mmoja na mwenye kuumia ni mwingine. Fundi cherehani akipunguza kitambaa, anayebanwa na suruali ni mteja. Fundi bomba akikosea, ghorofa ya chini ndiyo inayoogelea. Mpakaji piko wa nyumbani ndiye fundi pekee anayevaa kosa lake mwenyewe, tena kichwani, tena hadharani. Tungekuwa na wahandisi wa barabara wenye utaratibu huo, tungefika mbali na mapema.

Lipo pingamizi la pesa, nalo halistahili muda mrefu. Ni kweli kwamba anayeharibu nyumbani huishia saluni kutengenezewa, akalipa mara mbili. Lakini yeyote anayeanza kuficha mvi ameingia mkataba usio na mwisho, popote atakapopaka. Nywele hukua yapata sentimita moja kwa mwezi, na baada ya wiki tatu mizizi myeupe inachungulia chini ya weusi kama mpunga chini ya maji. Wa saluni hurudi kimyakimya kabla hujagundua. Wa nyumbani huahirisha, kwa kuwa bado anaukumbuka usumbufu wa mara iliyopita, na hivyo kila mwezi huupa umma wiki nzima ya ukweli.

Pingamizi zito ni la afya, na hapa sina budi kupunguza utani. PPD huleta mzio mkali kwa baadhi ya watu: ngozi kuwasha, malengelenge, uso kuvimba hadi macho kuzibika. Aliyepona mara kumi hana dhamana ya mara ya kumi na moja, kwa sababu mwili huweza kujifunza kuikataa polepole. Umoja wa Ulaya huruhusu kiasi kisichozidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaopakwa kichwani, na haukubali kamwe ipakwe kwenye ngozi; nasi tunao mabibi harusi wanaochorwa piko mikononi, wengine wakabaki na ua la kovu baada ya ua la arusi. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kwamba yanaitetea saluni. Molekuli ya saluni ndiyo molekuli ya bafuni. Miaka ya 1930 dawa ya kutia weusi kope iitwayo Lash Lure, iliyokuwa na kemikali ya jamii hiyohiyo, iliharibu macho ya wanawake Marekani, nayo ilipakwa pia na wataalamu wa urembo waliolipwa kwa kazi hiyo. Kisa hicho ni mojawapo ya vilivyosukuma sheria ya vyakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Kinga inajulikana: tone moja nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, kisha kusubiri saa 48. Ni saluni ngapi humwambia mteja aliyekwisha kukaa kitini aende zake arudi keshokutwa? Nyumbani angalau mwenye haraka na mwenye ngozi ni mtu mmoja, akichoka kusubiri atagombana na nafsi yake.

Kuna pia swali la dini, ambalo nawaachia wenye elimu yake. Inasimuliwa kwamba siku ya kufunguliwa Makka aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, kichwa na ndevu zikiwa nyeupe pe, ikaagizwa zibadilishwe lakini uepukwe weusi. Hivyo masheikh wetu wanakubaliana juu ya hina na kuvutana juu ya nyeusi. Nitaongeza neno moja tu la kiufundi: piko ya nyumbani, ikishapigwa na jua na sabuni majuma machache, huwa nyekundu ya kutu, na anayetafuta weusi wa kubishania hatauona tena.

Basi ukimwona mtu wa makamo ana masikio meusi na kiraka kisogoni, msalimie kwa heshima. Amekwambia umri wake bila kuulizwa. Na wewe unayepanga kupaka Ijumaa, jiwekee tone lako nyuma ya sikio Jumatano, usiguse nyusi wala kope, fungua dirisha, na foronya utakayolalia iwe nyeusi.